Kupunguza mwili huku biashara inaendelea: mwongozo kamili kwa mama wa sokoni, Kigoma

Akina mama wa Mwanga, Kibirizi, Gungu na Ujiji wanaleta lalamiko lile lile, kila mmoja kwa maneno yake: nimeacha ugali usiku, nimekunywa maji ya limao, nimetembea wiki mbili, mwili uko pale pale. Wengine walipungua kidogo, kisha wakarudi na zaidi.

Tatizo si uvivu wao. Ushauri waliopewa unamfaa mtu mwenye saa ya kula na saa ya kupumzika. Mama wa sokoni anaamka saa 10 alfajiri kuwahi dagaa, anakaa kwenye kigoda hadi jua linazama, anakula chochote kinachopita na sinia mbele ya meza yake, kisha saa 3 usiku ndipo anapata chakula cha maana, akiwa hoi. Siku ya namna hiyo humnenepesha hata mtu asiye mlaji.

Kwa hiyo hatutaanza na kujinyima. Tutaipanga upya siku ya sokoni, hatua moja baada ya nyingine. Tafadhali usirukie ya saba kabla ya ya pili, kwa sababu wengi wanakwama hapo hapo.

## Vitu vya kuandaa

- Kamba nyembamba isiyovutika, ndefu kuliko urefu wako. Ile ya kufungia viroba inafaa.
- Futi kamba ya fundi cherehani. Unaweza kuazima.
- Daftari la mauzo unalotumia sasa, na kalamu.
- Hotpoti ndogo, au bakuli lenye mfuniko unaobana.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu.
- Chupa tupu ya lita moja kwa ajili ya mafuta ya kupikia, pamoja na kijiko cha chakula.
- Raba, au viatu vyenye soli nene. Ndala haziwezi kazi hii, visigino vitakuuma mapema.
- Jirani mmoja wa meza ambaye naye anataka kupungua.

Mzani si lazima. Chai za kusafisha tumbo na mikanda ya kubana kiuno nimeziacha kwa makusudi. Chai inayokuharisha inatoa maji mwilini, mafuta haiyagusi. Mkanda unasukuma nyama juu na chini, na ukiuvua jioni kila kitu kinarudi mahali pake. Fedha hiyo nunua hotpoti.

## Nani aanzie kwa mhudumu wa afya

Mjamzito hapunguzi mwili, asubiri ajifungue. Anayenyonyesha mtoto mchanga atengeneze aina ya chakula anachokula, asikate kiasi.

Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wake, kwa sababu dozi ile ile kwenye chakula kidogo inaweza kushusha sukari hadi azimie. Dalili zake ni jasho la baridi, mikono kutetemeka na kuchanganyikiwa. Hapo anahitaji kitu chenye sukari papo hapo, kisha chakula.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, au maumivu ya kifua anapopanda mlima, naye aanzie kituo cha afya.

Jambo jingine ambalo wengi hawalisemi: sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Kama uliona mabadiliko baada ya kuanza kuchoma, mweleze muuguzi akuonyeshe njia nyingine. Usiiache kimya kimya, ukajikuta na mimba ambayo hukuipanga.

## Hatua ya 1: Pima kiuno kwa kamba

Vua viatu, simama ukutani, mwenzako akate kamba iliyo sawa na urefu wako kutoka utosini hadi kisigino. Ikunje katikati mara moja. Sasa izungushe kiunoni juu ya ngozi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani.

Ncha zikikutana au kupishana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako, na hapo ndipo tunapotaka kuwa. Zisipokutana, mafuta ya ndani ya tumbo yamezidi. Hayo ndiyo yanayoambatana na presha, kisukari na magonjwa ya moyo, kuliko mafuta ya mapajani na makalioni. Tia alama kwa kalamu mahali ambapo kamba imeishia mwilini, kisha pima pengo lililobaki kwa vidole na uandike.

Ukiwa na futi kamba, andika na sentimita. Kwa mwanamke, hatari huanza kuongezeka kiuno kinapofika sentimita 80, na inakuwa kubwa kuanzia 88.

Wapo vijana wanaotembea na mizani mtaani. Ukipima kwao uzito na urefu, gawanya kilo zako kwa urefu wa mita, kisha jibu ligawanye tena kwa urefu ule ule. Mama wa kilo 82 na mita 1.58 anapata takribani 33. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. 30 na kuendelea ni unene uliopitiliza.

Kwa nini kamba kwanza: uzito hupanda na kushuka kwa maji, hedhi, chumvi, hata kwa sahani uliyokula sasa hivi. Nimeona wanawake wanaacha kila kitu kwa sababu mzani umegoma wiki moja, ilhali gauni tayari limelegea.

Tahadhari: usipime juu ya fundo la kitenge. Pima asubuhi kabla ya kula, na iwe hivyo kila mara.

Umefanikiwa kama: ukurasa wa mwisho wa daftari una tarehe na namba moja au mbili, na kamba umeihifadhi mahali ambapo watoto hawataichukua kuchezea.

## Hatua ya 2: Andika wiki nzima bila kubadili chochote

Kwenye daftari la mauzo, chora mstari pembeni. Kila kinachoingia mdomoni kiandike pale pale, kama unavyoandika deni la mteja. Ukurasa wa kawaida hutoka hivi:

Saa 11 alfajiri: chai, sukari vijiko 3.
Saa 3: maandazi 3, chai, sukari vijiko 3.
Saa 5: karanga kifuko kimoja.
Saa 8: soda, kanunua mteja.
Saa 10: dagaa wa kukaanga, naonja na wateja.
Saa 3 usiku: ugali, migebuka, mawese. Nimeongeza mara mbili.

Tupige hesabu ya mchana tu. Andazi la kawaida ni kalori 200 hivi, kwa hiyo matatu ni 600. Sukari ya vikombe viwili vya chai ni 100 hivi. Soda inakaribia 150, kifuko cha karanga 170. Jumla inavuka 1,000, na hapo dagaa wa kuonja hawamo. Mwanamke mzima anayekaa muda mwingi anahitaji kati ya 1,800 na 2,000 hivi kwa siku, kutegemea umri na umbo lake. Huyu mama atakwambia kwa moyo mweupe kwamba kutwa nzima hajala, na mwenyewe anaamini hivyo, maana hakuna hata sahani moja iliyopita mbele yake.

Tahadhari: usisubiri usiku ndipo ukumbuke. Ya kuonja na ya kununuliwa husahaulika kwanza, na ndiyo mengi.

Umefanikiwa kama: baada ya siku saba unaweza kuzungushia duara vitu viwili au vitatu vinavyojirudia kila siku. Hivyo ndivyo tutakavyoshughulika navyo, si vingine.

## Hatua ya 3: Kula kabla sinia la maandazi halijafika

Mama anayetoka nyumbani na chai tupu ameshashindwa kabla ya saa 4. Njaa ya muda ule haichagui, na anayepita muda ule ni muuza maandazi na vitumbua.

Usiku kabla ya kulala chemsha viazi vitamu, magimbi au muhogo. Asubuhi beba vipande viwili vya ukubwa wa kiganja pamoja na yai la kuchemsha, au maharage yaliyobaki jana. Uji wa ulezi au wa dona nao ni mzuri, mradi usiugeuze kuwa sharubati ya sukari. Chakula chenye yai, maharage au dagaa hukaa tumboni muda mrefu kuliko andazi, na ndiyo sababu ya kukichagua.

Sukari ya chai usiikate yote siku moja, utarudi kwenye vijiko vitatu kwa hasira. Punguza nusu kijiko kila wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi vijiko vya chai 12 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ibaki 6. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vimeshamaliza hiyo sita.

Umefanikiwa kama: sinia linapita na wewe unaendelea kupanga mafungu yako. Andazi moja Jumamosi halikatazwi.

## Hatua ya 4: Chakula cha mchana ndani ya hotpoti, kabla ya saa 8

Ningeombwa nibakize hatua moja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hii. Chakula cha usiku kinakuwa kikubwa kwa sababu cha mchana hakikuwepo. Ukila vizuri saa 7, ugali wa usiku unapungua wenyewe bila kupigana nao.

Gawanya hotpoti kwa jicho. Nusu ni mboga: sombe (kisamvu), matembele, lengalenga, bamia, nyanya chungu, kabichi. Robo ni samaki, dagaa au maharage. Robo iliyobaki ni ugali, wali, ndizi au viazi. Kipimo cha ugali ni ngumi yako mwenyewe. Cha samaki ni kiganja bila vidole.

Ugali wa muhogo ndio wetu, siwezi kuwaambia watu wa Kigoma wauache. Ila ujue tabia yake: una wanga mwingi na protini kidogo sana, kidogo kuliko hata ugali wa mahindi. Ukiula na mchuzi mwepesi, unashiba haraka na njaa inarudi haraka. Ukiula na samaki na mboga nyingi, unakaa. Kuchanganya unga wa muhogo na dona ni wazo zuri pia.

Sombe inahitaji angalizo lake. Majani yenyewe hayana shida. Shida ni pale sufuria moja inapomwagiwa mawese, kisha karanga zilizotwangwa, kisha mawese tena juu ili ing'ae. Chagua kimoja kiwe kingi na kingine kiwe kidogo.

Dagaa na migebuka iliyotiwa chumvi iloweke kwenye maji ya vuguvugu, mwaga, suuza, ndipo upike. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai, kisichojaa kupita ukingo, kwa mtu mmoja kwa siku, ukijumlisha na iliyomo kwenye samaki. Najua Uvinza iko jirani na chumvi haijawahi kututisha kwa bei, ndiyo maana tunaimwaga bila kipimo.

Siku za mbalamwezi dagaa huadimika, kwa kuwa taa za wavuvi hazivuti dagaa ziwa likiwa na mwanga. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Vipindi kama hivyo ndipo robo ya samaki inapoyeyuka na ugali unajaza hotpoti nzima. Jipange kabla: weka maharage, choroko, kunde na dagaa wakavu wa akiba. Mayai mawili yanatosha kushika nafasi ya kipande cha samaki.

Kama huwezi kupika alfajiri, nenda kwa mama lishe, lakini nenda na maneno yako: "Dada, nipunguzie ugali nusu, niongezee mboga, na mchuzi nichotee wa chini." Mafuta huelea juu ya sufuria, upawa ukizama, unachota mchuzi. Mara ya kwanza atashangaa. Baada ya wiki atakuwa anakuwekea bila kuuliza, na usishangae wateja wake wengine wakianza kuomba hivyo hivyo. Mlipe bei ile ile bila kunung'unika, kwa sababu mboga nayo ina kazi.

Tahadhari: usile huku unahudumia wateja. Mwachie jirani meza dakika kumi na tano, geuza mgongo, kula. Mkono ukiwa kwenye chenji na mwingine kwenye ugali, huwezi kujua umeshiba saa ngapi. Nawa kwa sabuni kwanza. Fedha na mikono yenye dagaa ni uchafu.

Umefanikiwa kama: saa 11 jioni hujisikii kuzimia, na kichwa kilichokuwa kinauma jioni kimenyamaza.

## Hatua ya 5: Chupa ya mafuta ya wiki

Mawese ni chakula chetu na wekundu wake ni chanzo kizuri cha vitamini A. Yakichomwa hadi yageuke meupe, vitamini hiyo inapotea, kwa hiyo acha mtindo huo. Lakini kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi, sawa na alizeti au mafuta mengine yoyote ya kupikia. Tena karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina ile inayoganda, ambayo ikizidi inaongeza lehemu (kolesteroli) kwenye damu.

Kupima kila unapopika hakudumu. Fanya hivi: Jumapili jioni jaza chupa ya lita moja. Kwa familia ya watu watano, hiyo ni wiki nzima. Inatoka vijiko karibu viwili kwa kila mtu kwa siku. Ikiisha Alhamisi, Ijumaa mnachemsha na kuchoma.

Tahadhari: mafuta yaliyokaangia maandazi au samaki sokoni mara nyingi hadi yakawa meusi usiyabebe nyumbani kupikia.

Umefanikiwa kama: chupa imefika Jumamosi bila ugomvi jikoni. Wiki mbili za kwanza haitafika. Endelea.

## Hatua ya 6: Soda, maji, na suala la choo

Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko vya chai tisa. Juisi ya miwa na juisi za pakiti hazina unafuu. Zina jina zuri tu. Kula chungwa pamoja na nyama zake, usikamue.

Ugumu wa soda ni kwamba mara nyingi ni ya heshima. Mteja mkubwa kanunua viroba vitatu, anataka kukupa soda, utakataaje? Mwambie, "Ahsante kaka, leo nibarikie maji." Hakuna atakayekasirika kwa kuombwa maji.

Sasa tuseme lile linalofanya akina mama wasinywe maji: choo. Cha soko hulipiwa, kiko mbali, wakati mwingine hakina maji, na meza haina wa kuiangalia. Kwa hiyo mtu anakaa na kiu kutwa, kisha kiu ile anaihisi kama njaa, au anaizima kwa soda moja baridi. Sikubali kwamba hili ni jambo dogo. Wekeni zamu na jirani yako: saa 4, saa 7 na saa 10 mmoja anakwenda, mwingine anaangalia meza mbili. Kunywa maji kwa mafungu, nusu chupa kabla ya saa 7 na nusu baada ya hapo, si kwa mkupuo. Na mkutano wa soko ukiitishwa, ulizeni ushuru unaolipwa kila siku unafanya nini chooni. Mkiuliza ishirini kwa pamoja mtasikilizwa.

Fedha ya soda iweke kwenye kopo lake. Mwisho wa wiki ipeleke kwenye kikoba, utaiona.

## Hatua ya 7: Kuutumikisha mwili bila kufunga biashara

Wengi hapa hujibu kwamba kazi ya soko yenyewe ni mazoezi. Kwa anayebeba, ndiyo. Kwa anayekaa kwenye kigoda kwa muda wa saa kumi huku kijana wa toroli akibeba, hapana. Uchovu wa jioni ni wa jua, kelele na kukaa mkao mmoja, na mwili unaweza kuchoka sana bila kutumia nguvu nyingi.

Kipimo cha mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi inayokuongezea pumzi, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Utajua umefikia kasi inayofaa ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Kutembea. Anza dakika kumi kwa siku wiki ya kwanza, ongeza tano kila wiki hadi ufike thelathini, siku tano. Mama wa Mwanga anaweza kushuka barabara ya Lumumba kuelekea stesheni na kupanda tena. Ule mlima ni mzuri kuliko mashine yoyote ya mazoezi. Wa Ujiji ashuke kwenye hiace kabla ya kufika. Anayetoka Kibirizi na mzigo autangulize kwa bajaji, yeye afuate kwa miguu mwanga ukiwepo. Kabla ya jua kutoka tembeeni wawili au zaidi, usalama wako kwanza.

Kusimama. Kila mteja anapofika, simama kumhudumia. Panga bidhaa zinazotoka sana mbali kidogo na mkono, ili uinuke. Usikae zaidi ya nusu saa bila kunyanyuka. Miguu inayovimba jioni itakushukuru.

Kukaza misuli. Inuka kwenye kigoda na kukaa tena mara kumi bila kushika kitu. Pumzika, rudia mara mbili. Kisha chukua dumu la lita 5 lenye maji, linyanyue kutoka pajani hadi begani mara kumi kila mkono. Mwisho simama hatua moja kutoka kwenye ukuta au nguzo, sukuma mara kumi. Asubuhi kabla wateja hawajajaa inatosha. Kigoda kikiwa kifupi sana na magoti yakakwaruza, geuza ndoo kubwa ukalie hiyo.

Tahadhari: goti likiuma, tembea tambarare na ufupishe muda, usiache kabisa. Kifua kikibana, pumzi ikikata au kizunguzungu kikija, simama hapo hapo na uende hospitali siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma peke yake, nao usisubiri.

Umefanikiwa kama: mlima uliokuwa unakusimamisha mara mbili unaupanda moja kwa moja. Hilo huja kabla kiuno hakijapungua, kwa hiyo liandike.

## Hatua ya 8: Usiku

Kula mapema unavyoweza, sahani moja, isiongezwe. Ukisikia unataka tena, ongeza mboga. Usipikie kwenye sufuria ambalo utalikwangua. Ukoko nao ni ugali.

Lala. Anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 10 alfajiri huwa na njaa kali zaidi siku inayofuata, hasa ya vitamu. Watoto wakubwa waoshe vyombo. Baba wa nyumba naye ana mikono.

Mwezi wa Ramadhani una mtego wake: kutwa umefunga, futari ikawa kaimati, tambi na mihogo ya mafuta. Fungua kwa tende na maji, sali, kisha kula sahani ile ile ya nusu mboga.

## Hatua ya 9: Andaa jibu la maneno ya watu

Wengi wanaacha mwezi wa pili, na chakula hakihusiki. Wameambiwa, "Mbona umekonda, unaumwa?" Kwetu kukonda kunatafsiriwa haraka kuwa ni maradhi, au ni mume asiyekutunza, au ni biashara iliyokufa. Mama anaogopa wateja watamkimbia, anarudi kwenye maandazi ili aonekane mzima.

Jibu liwe fupi na liwe tayari: "Presha ilitaka kunichukua, nimeamua kutembea. Njoo Jumatatu twende wote." Anayekuja utampata mwenzako, asiyekuja atanyamaza. Nyumbani mweleze mume mapema kabla hajasikia kwa majirani, na umweleze sababu. Akina shangazi nao waelezwe, maana ndio wanaopakua.

Na wewe usimcheke mwenzako mnene. Aibu humfanya mtu ale kwa kujificha.

## Hatua ya 10: Pima tena, na ukikwama

Rudi kwenye kamba kila mwezi, tarehe ile ile. Usitarajie zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Anayepungua kilo tano kwa wiki amepoteza maji na misuli, na zitarudi. Mama wa kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 na akakaa hapo, presha na sukari kwa kawaida huanza kuwa nafuu, hata kama bado anaonekana mnene.

Karibu kila mtu hufika mahali mwili unagoma. Subiri wiki tatu. Usipoona mabadiliko kwenye kamba, rudi Hatua ya 2, andika siku tatu za soko na Jumapili moja. Mara nyingi utakuta chupa ya mafuta imeacha kupimwa, au vitumbua vimerudi kwa jina la watoto. Kama daftari ni safi na bado hupungui, nenda kituo cha afya, na kama ni lazima watakuandikia rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Maweni. Uliza tezi ya shingo, na uliza kama dawa unazotumia zinaongeza uzito.

Hata usipokwama, pima presha na sukari mara moja kwa mwaka. Presha ikisoma 140/90 au zaidi siku mbili tofauti, au sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7 (mmol/L), unahitaji matibabu pamoja na hatua hizi. Usiache dawa kwa sababu umepungua. Daktari ndiye anayeipunguza. Nenda na daftari lako, umfungulie ukurasa wa mwisho wenye vipimo vya kiuno na ule wa vyakula, ili asianze kukuuliza upya unakula nini.